Saa nne hadi saa nane, abiria wanaenda wapi?

Msomaji wa Igoma, Mwanza, ameandika hivi: "Shikamoo mtaalamu. Nina Hiace moja inayopiga ruti ya Kisesa na mjini. Hesabu ya kila siku naletewa, siwezi kulalamika sana. Lakini kila nikimpigia dereva kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana ananiambia amepaki, hakuna watu. Mimi mwenyewe nikipita barabarani saa hizo hizo naona watu vituoni. Ananidanganya? Na nikitaka kupanga gari lifanye kazi saa zipi na siku zipi, nifuate nini? Kuna kijana mmoja aliniambia wanawake na wanaume hawasafiri saa moja, sikumwelewa."

Marahaba dada yangu, na mwangaluka kama unanisoma asubuhi.

Nianze na dereva, maana naona ndiye anayekuuma. Hakudanganyi. Macho yako nayo hayakudanganyi. Mnazungumzia watu wawili tofauti. Yeye akisema "hakuna watu" anamaanisha hakuna watu wa kujaza gari pale alipopaki, Kisesa au mjini, wote wakiwa wanakwenda hadi mwisho wa ruti. Unaowaona wewe ni yule aliyesimama Igoma anashukia Nyakato, na yule wa Buzuruga anayekwenda kuona mgonjwa. Hao hawaendi mwisho wa ruti wala hawaji kituo kikuu kusubiri gari lijae. Wanasubiri gari liwapitie, na gari haliwapitii kwa sababu limepaki likisubiri watu wa aina nyingine.

Halafu tazama mfuko wa dereva. Mafuta anaweka yeye, hesabu yako anaitoa yeye, na kinachobaki anagawana na konda. Saa 3 ikifika ameshapiga tripu za asubuhi zilizojaa, mafuta yamerudi na nusu ya hesabu ipo mfukoni. Anajua jioni watu watarudi. Tripu ya saa 5 yenye viti nusu anaiona ni ya kuchoma mafuta yake mwenyewe. Ningekuwa dereva ningepaki pia. Lakini kuna hesabu anayoikosea, nayo nitaifikia.

Tunachokiita saa za abiria, yaani asubuhi kuanzia saa 12 na jioni kuanzia saa 10, ni saa za watu wa namna mbili tu: mwenye ajira ya kuingia na kutoka, na mwanafunzi. Ofisi za serikali zinafungua saa 1:30 asubuhi na kufunga saa 9:30 alasiri. Maduka makubwa na kampuni binafsi huenda hadi saa 11. Shule zinataka mtoto awe amefika kabla ya saa 2, na nyingi zinamtaka mapema zaidi ili afagie uwanja kwanza. Hawa wote wanasukumwa na kengele, ndiyo maana wanajazana barabarani kwa pamoja. Lakini Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.1 katika Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili za mji wetu wa Mwanza, na katika hao wenye kengele ni wachache kuliko tunavyodhani. Wengine wanaendeshwa na soko, jua, maji ya ziwa, mgonjwa, msiba, na mwezi. Mwezi ninaousema ni ule wa angani.

Jua kwanza, kwa sababu watu wengi hawalifikirii. Nchi nzima tunatumia saa moja, iliyopangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki. Mwanza tuko karibu nyuzi 33. Kila nyuzi moja ni dakika 4, kwa hiyo jua letu liko nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika 48 hivi, na nyuma ya jua la Dar es Salaam kwa dakika 25 hivi kwa wastani. Novemba jua linachomoza Mwanza karibu saa 12 na nusu asubuhi. Februari na Julai linakaribia saa 1 kamili. Lakini kengele ya shule ni ile ile ya Dar. Mtoto wa Kisesa anayetoka nyumbani saa 12 kasoro robo anatembea gizani kabisa, wakati mwenzake wa Mbagala anaanza kuona njia.

Giza hilo linachagua nani asafiri. Mwanaume mwenye kibarua atatoka tu. Msichana wa sekondari atasubiri kweupe, au mama yake atamsindikiza hadi kituoni. Hapo safari moja ya mtoto imezaa safari ya pili, ya mama kwenda na kurudi kwa miguu, ambayo hakuna anayeihesabu. Msichana akichelewa kutoka kwa sababu ya giza, anakuta magari yamejaa, na makonda hawamtaki kwa sababu nauli yake ni ndogo. Utamkuta Igoma saa 1:20 na sare yake, magari manne yamempita. Najua ni biashara, dada, lakini konda wako naye umwangalie kwenye hili.

Upande wa jioni mambo yanageuka. Jua letu linazama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika chache, kwa hiyo mwanamke anayeuza mboga au samaki wa kukaanga pembeni mwa barabara anapata mwanga kidogo zaidi kuliko mwenzake wa Pwani. Anafunga akikaribia giza, na anarudi nyumbani baada ya wafanyakazi wa ofisi kuwa wameshakula. Hiyo ndiyo tripu yako ya saa 2 usiku: wanawake, ndoo tupu, na watoto waliolala begani.

Sasa nije kwa kijana aliyekuambia wanawake na wanaume hawasafiri saa moja. Yuko sahihi, na jambo hilo halipo Mwanza peke yake. Uingereza wana utafiti wa kila mwaka ambapo watu huandika safari zao kwenye daftari, na unarudia jambo lile lile: wanawake wanafanya safari nyingi zaidi, wanaume wanakwenda mbali zaidi. Hapa kwetu, miaka ya 1980 mradi wa usafiri vijijini wa Makete, kule Iringa ya wakati huo, uliwahesabia wanakaya safari zao zote, pamoja na zile zisizo na gari wala nauli. Ukakuta mzigo mkubwa wa usafiri wa kaya uko kichwani mwa mwanamke: maji, kuni, mahindi ya kusaga. Watu wa barabara walikuwa wamezoea kuhesabu magari, kwa hiyo mwanamke huyo walikuwa hawamwoni kabisa.

Mjini mzigo ule umebadilika sura tu. Mfuate mwanaume wa Nyakato mwenye kazi Kirumba: nyumbani, kazini, nyumbani. Labda apitie mahali jioni, na hapo mara nyingi anatembea au anapanda bodaboda. Mfuate mke wake mwenye genge. Alfajiri sokoni kuchukua mzigo. Anarudi, anaandaa watoto. Saa 3 yuko gengeni. Saa 5 anamwachia jirani biashara yake ili ampeleke mtoto kliniki, au anapanda hospitali ya Bugando na chakula cha shemeji aliyelazwa. Akirudi anapitia dukani, anapitia kwa fundi, anafika kwenye kikoba saa 10. Siku moja, safari sita au saba, kila moja fupi, na nyingi zipo katika zile saa dereva wako anazosema hakuna watu.

Ndipo palipo kosa la hesabu yake. Abiria wa asubuhi anakaa kwenye kiti chako kutoka Kisesa hadi mjini, na kiti kile kinalipiwa mara moja. Abiria wa saa 5 anashuka baada ya vituo vitatu, mwingine anapanda, naye anashuka. Nauli ya safari fupi haipungui kwa kiasi umbali unavyopungua, kwa hiyo kiti kimoja kinaweza kulipiwa mara mbili au tatu kwenye tripu hiyo hiyo. Tuseme, kwa mfano tu, gari linatembea na watu nane ndani muda wote, ila nane hao wamebadilika mara mbili njiani. Dereva anaona gari nusu tupu. Mfuko wa konda unasema watu ishirini na nne. Anayetazama viti hataona. Anayehesabu nauli ataona. Muulize konda, siyo dereva.

Lakini abiria huyu ana masharti yake. Hasubiri gari lijae, maana akisubiri dakika ishirini safari yake ya dakika kumi haina maana tena, bora atembee. Anataka gari linalopita. Ana mzigo: beseni, ndizi, mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Konda anayepiga kelele "mzigo unalipiwa kiti" amemfukuza leo na kesho. Wengi wanatembea si kwa kupenda.

Kuhusu kutembea niseme kidogo. Mwanza ni mji wa mawe na vilima, na watu wetu wamejenga juu: Mabatini, Igogo, Isamilo, Bugando. Asubuhi wanashuka kwa miguu bila kulipa mtu. Jioni, wakiwa na mzigo na uchovu, wanapanda bodaboda hadi mlangoni. Kwa hiyo usishangae ukiona mtaa fulani una abiria wa kurudi kuliko wa kwenda. Kuna mahali bodaboda wanaingiza fedha jioni peke yake kwa sababu ya mlima tu.

Wazee wanafuata jua na miadi. Hutamwona bibi kituoni saa 12 asubuhi ila ana kliniki ya rufaa au anasafiri mkoa. Anasubiri msukumano upungue na baridi ya ziwa iondoke, anatoka saa 3 au saa 4, anarudi kabla ya jua la saa 8. Nchini England serikali imewapa wazee kadi ya basi la bure, lakini siku za kazi ni kuanzia saa 3:30 asubuhi, ili wasigombee nafasi na wafanyakazi, na huko kadi inapoanza kufanya kazi vituo hujaa mvi. Kwetu hakuna kadi, lakini mzee anajipangia hivyo hivyo mwenyewe. Anachohitaji ni dereva anayesubiri akae kabla ya kuondoa gari. Hili ni dogo, na sijawahi kuona dereva analikumbuka bila kuambiwa.

Hospitali ni saa yake peke yake. Bugando inapokea wagonjwa wa rufaa wa Kanda ya Ziwa, kutoka Geita, Kagera, Mara, Simiyu, Shinyanga. Nyuma ya kila kitanda kuna ndugu, na nyuma ya ndugu kuna hotipoti. Muda wa kuona wagonjwa ukikaribia, asubuhi, mchana na jioni, utaona mkondo wa wanawake wenye vikapu vilivyofunikwa kanga wakielekea huko. Wa mchana ndio wanaoangukia katika saa za gari lako kupaki. Gari lako halifiki kilimani, lakini wanapandia kwako kutoka Igoma na Nyakato kabla ya kuunganisha.

Kuna pia watu wa kabla ya jua. Kirumba Mwaloni, soko la dagaa na samaki wakavu, wanunuzi wanatoka hadi Congo, Rwanda na Burundi, na kazi haianzi saa 2. Wanawake wa masoko ya Igoma na Mabatini wanaofuata mzigo wa jumla wanatafuta gari saa 10 na nusu au saa 11 alfajiri. Pamoja nao wamo abiria wa mikoani wanaowahi mabasi Nyamhongolo na Nyegezi. Hawa wa mikoani wamegawanyika kidogo tangu mwaka 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku: wengine siku hizi wanatoka jioni na mabegi yao. Tripu ya alfajiri ni nzuri, haina foleni, na abiria wake hawabishani nauli kwa sababu wanachelewa. Tatizo ni kwamba dereva aliyemaliza saa 4 usiku hawezi kuamka saa 10, na akiweza hutaki awe ndiye anayeendesha. Tafuta deiwaka, yaani dereva wa kushika gari kwa muda, wa kuaminika wa zamu ya alfajiri.

Wiki sasa. Watu hudhani Jumatatu hadi Ijumaa ni siku moja iliyorudiwa mara tano. Jumatatu ni nzito asubuhi: waliokwenda vijijini Jumapili wanarudi, wenye shida za ofisi na benki wanatoka wote, na kliniki zinafurika. Jumanne hadi Alhamisi zinafanana, na kama unataka kumpa dereva mapumziko mpe hapo katikati. Ijumaa mchana kuna swala, kwa hiyo kati ya saa 6 na saa 8 utapata wanaume ambao siku nyingine huwaoni saa hizo, na jioni yake inaanza mapema na kuisha usiku sana. Jumamosi asubuhi ukanda huu una Wasabato wengi, kaya nzima imevaa vizuri, mama, baba na watoto watano wanapanda pamoja na kushuka pamoja kanisani. Mchana wa Jumamosi ni harusi na misiba. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi, maduka yanachelewa kufungua, na asubuhi ile abiria wa kununua hawatoki.

Jumapili ina mawimbi mawili ya misa, la alfajiri na la saa 3. Misa ya kwanza ni ya wazee, watumishi wa nyumbani na wafanyabiashara wanaotaka kuwahi mezani. Ya pili ni ya familia na vijana. Baada ya saa 7 hakuna ruti: watu wanatembeleana, Igoma kwenda Buhongwa, Kisesa kwenda Pasiansi, hakuna mwelekeo. Vijana wa chuo kikuu cha SAUT waliokwenda kwao wanarudi Malimbe jioni. Na kama kuna mechi CCM Kirumba, hasa Simba au Yanga wakija, sahau yote niliyosema: barabara ya Makongoro inajaa wanaume kuanzia mchana, na saa 12 jioni wote wanataka kuondoka kwa dakika moja. Usiku wa mechi za Ulaya wanaume hawasafiri, wamo vibanda umiza wakitazama mpira, halafu wanatoka kwa pamoja mechi ikiisha na kutafuta bodaboda. Wake zao wameshalala.

Nikirudi kwenye mwezi wa angani. Uvuvi wa dagaa unafanyika usiku kwa taa, na taa inavuta dagaa kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina kazi, na wavuvi wanafunga. Wenyewe wanahesabu maisha yao kwa giza na mbalamwezi, siyo kwa Jumatatu na Jumapili. Mzunguko ni siku 29 na nusu, kwa hiyo hauendani na wiki wala na mshahara. Wakati wa giza vijana wa Igombe, Kayenze na visiwani hawaonekani mjini. Usiku wako majini, mchana wamelala. Wanawake waanikaji wako mwaloni tangu alfajiri wakisubiri mitumbwi, halafu wanageuza dagaa juani hadi mchana, na wanasafiri alasiri na magunia. Mbalamwezi ikija, kila kitu kinapinduka. Wavuvi wanashuka mjini na fedha: kunyoa, kununua simu, kutuma nyumbani, kulewa, kwenda kuona watoto Magu au Sengerema. Ukiona wiki fulani gari lako lina vijana wengi wenye fedha saa 5 asubuhi ya Jumatano, wiki nyingine hawapo, usimlaumu dereva. Tazama juu usiku.

Hili la kutoangalia siku sahihi lina gharama kubwa kuliko hesabu ya gari. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara, kikitoka Bugolora. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101; waliokufa peke yao walizidi 220. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugolora. Siku nyingine za wiki kivuko kile kile kingeweza kuvuka kikiwa na nafasi. Ukikokotoa wastani wa abiria kwa wiki nzima utapata namba ya kupendeza ambayo haikuwepo siku yoyote: siku sita pungufu, siku moja maangamizi. Wenzangu wa fani hii tunapenda wastani kupita kiasi. Mwenye chombo cha kubeba watu aulize siku mbaya ikoje.

Na tabia za safari hubadilika njia inapobadilika. Daraja la Kigongo na Busisi, la kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, foleni ya kivuko iliyokuwa ikiwapangia watu wa Geita na Sengerema saa ya kutoka nyumbani ilikwisha. Zamani mtu alitoka usiku kwa kuogopa kivuko. Sasa anavuka kwa dakika chache, anafanya shughuli Mwanza na kurudi siku hiyo hiyo, na wengi wa namna hiyo ni wafanyabiashara wadogo ambao zamani wangelala. Hawa watakuja kwako kupitia stendi, kati ya saa 3 na saa 9. Abiria wengine wa saa za dereva wako kupaki.

Kwa hiyo ushauri. Leseni yako ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inakufunga kwenye ruti, usimruhusu dereva akatishe. Jioni watakukatishia Igoma wakamwacha mtu wa Kisesa gizani, na faini ni yako. Ndani ya ruti panga hivi. Alfajiri saa 10:30 hadi saa 12, zamu ya deiwaka, nafasi ya mizigo nyuma. Saa 12 hadi saa 3, kama kawaida. Kuanzia saa 4 gari lisipaki kujaza. Liondoke na watu wachache, litembee polepole, lisimame kila kituo, na konda ahesabu nauli. Kulipumzisha, kubadili mafuta, kula, iwe saa 8 hadi saa 9 na nusu. Saa hizo ndizo kavu kweli: wa mchana wameshafika, wa jioni hawajatoka, jua ni kali. Kisha jioni hadi saa 3 usiku.

Hesabu unayomdai nayo isiwe moja kila siku. Ukimdai Jumapili sawa na Jumatatu unamfundisha kukimbiza gari Jumapili na kulala Jumatatu. Na kwa mchana mpe makubaliano tofauti, mathalani miezi miwili ya kwanza kinachopatikana kati ya saa 4 na saa 8 mgawane nusu kwa nusu baada ya mafuta. Mimi nadhani ataacha kupaki kabla miezi hiyo haijaisha.

Usiniamini mimi, hesabu. Mnunulie konda daftari dogo. Kila tripu aandike saa, upande wa gari lilikoelekea, na vijiti katika safu nne: wanaume, wanawake, wanafunzi, wazee. Pembeni aweke alama kwa kila aliyeshuka kabla ya mwisho wa ruti. Upande ni muhimu. Asubuhi gari lako linajaa kuja mjini na kurudi tupu, isipokuwa walimu wanaofundisha Kisesa na, mwezi Juni, watu wanaokwenda Bujora kwenye ngoma za Kisukuma za Bulabo. Tripu mbili zenye abiria wachache kwa wastani zinaweza kuwa moja iliyofurika na moja yenye dereva na konda tu.

Wiki moja haitoshi. Hesabu siku 35 mfululizo, upate mshahara mmoja, Jumamosi moja ya usafi na mwezi mzima wa wavuvi, giza na mbalamwezi. Anza usiku mwezi ukiandama, uwe rahisi kukumbuka. Na wiki ya tatu daftari ukalichukue wewe mwenyewe, upande gari saa 5, ukae kiti cha nyuma kama abiria wa kawaida. Usimwambie dereva.